TUWASTIRI WAZEE WETU: Historia ya Kuwatunza Waliopotewa na Kumbukumbu



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhani. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Nataka leo tuzungumze juu ya jambo ambalo liko majumbani mwetu lakini halizungumzwi. Ni habari ya mzee aliyekuwa na akili zake timamu, akisoma, akishauri, akitatua ugomvi wa mtaa mzima, kisha akaanza kusahau. Kwanza anasahau alipoweka miwani. Halafu anasahau kama ameswali. Mwisho anakutazama wewe mtoto wake au mjukuu wake, anakuuliza: "Wewe ni mtoto wa nani?" Sisi huku pwani twasema mzee amerudi utotoni, au akili zimepunguka. Madaktari wanaita dimenshia. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na hali hii, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Kabla sijaingia katika historia, wacha nikueleze kilichonifanya niandike. Babu yangu alisomesha madrasa miaka mingi sana. Wengi katika mtaa wetu, wazee kwa vijana, alif yao ya kwanza waliipata kwake. Alipoanza kupotewa na kumbukumbu, aliendelea kukaa barazani mwa msikiti baada ya alasiri kama ilivyokuwa ada yake. Siku moja ya Ramadhani kijana mmoja alimuuliza suala jepesi la saumu. Babu akajibu jawabu la kichwa chini miguu juu. Vijana wakacheka, wakamuuliza tena na tena ili waendelee kucheka, na mmoja wao akamrekodi kwa simu. Ile video ikazunguka. Ikanifikia mimi nikiwa chuoni, chumbani na wenzangu. Wao wakacheka. Mimi sikusema "huyu ni babu yangu". Nilinyamaza, na Mwenyezi Mungu anisamehe, nilitabasamu pamoja nao.

Aibu ile ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu. Nilitaka kujua: waliotutangulia, mzee wao akifika hali hii, walimfanyaje?

WAKATI WA MTUME (S.A.W.)

Ndugu msomaji, Qur'ani yenyewe imeitaja hali hii, si mara moja. Katika Suratun Nahl aya ya 70, na katika Suratul Hajj aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba wako miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, mpaka mtu awe hajui kitu baada ya kuwa alikuwa akijua. Kwa hivyo kupotewa na kumbukumbu si laana wala si uchawi. Ni hatua ambayo Muumba ametuambia mapema kuwa baadhi yetu tutaipitia. Na Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) katika Sahih Bukhari, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu asirudishwe kwenye umri huo. Basi ikiwa Mtume mwenyewe aliomba kinga, jueni kwamba ni mtihani mzito, na anayeupitia anastahili huruma, si kicheko.

Kisha katika Suratul Israi aya ya 23 na 24 tumeamrishwa juu ya wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Hata neno "uff" tumekatazwa. Tazama vizuri aya ile: inataja uzee hasa, na inasema wakiwa kwako, yaani nyumbani mwako, chini ya mikono yako. Mzazi mwenye nguvu haogopi "uff" ya mtoto wake, atakuchapa kofi mambo yaishe! Ni yule ambaye amekuwa hawezi kuvaa kanzu yake mwenyewe ndiye "uff" inayemuumiza.

Hebu tuangalie mfano wa vitendo. Mwaka wa 8 Hijria (630), Makka ilipofunguliwa, Abu Bakr (R.A.) alimleta baba yake, Abu Quhafa, kwa Mtume. Mzee alikuwa amekwisha kuwa kipofu, na nywele zake nyeupe pe. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Bakr kwamba angemwacha mzee nyumbani, yeye mwenyewe ndiye angemwendea. Akamkalisha mbele yake, akampangusa kifuani kwa mkono wake, na ndipo akamlingania Uislamu, na mzee akasilimu. Kisha akaagiza zile nywele zake zibadilishwe rangi, lakini isiwe nyeusi.

Mara ngapi tumekisoma kisa hiki tukaishia kwenye hukumu ya kupaka nywele hina? Ndani yake mna kitu kingine. Siku ile ilikuwa siku ya ushindi mkubwa kabisa. Jeshi la maelfu limeingia mjini. Na katikati ya shughuli zote hizo Mtume anashughulika na nywele za mzee mmoja kipofu, apendeze mbele za watu. Huko ndiko kumtunza mzee kwa upole: umkalishe, umguse kwa mkono mwema, umpambe.

WANA WA JARIR BIN HAZIM

Sasa nakuja kwenye kisa ambacho kilinitoa machozi maktabani.

Wanazuoni wa hadithi, kama unavyojua, walikuwa wakali katika kuchunguza wapokezi. Walichunguza ukweli wa mtu, na walichunguza hifdhi yake vilevile. Wakagundua kwamba baadhi ya wapokezi wakubwa, wakweli, wachamungu, walipofikia uzee walichanganyikiwa. Hali hiyo wakaiita "ikhtilati". Si kila ikhtilati ni ugonjwa huu wa kusahau wa uzeeni, maana wengine walichanganyikiwa kwa sababu nyingine. Lakini ukizisoma sifa walizozitaja, wengi wanafanana na wazee wetu wa leo.

Ata bin as-Saib wa Kufa, aliyefariki karibu mwaka 136 Hijria (753), alikuwa mmoja wao. Said bin Abi Aruba wa Basra, aliyefariki karibu mwaka 156 Hijria (773), mmoja katika waliotangulia kukusanya hadithi kwa milango Basra, naye pia. Wanazuoni walifanya nini? Je, walisema huyu hana maana tena, tupeni vitabu vyake vyote? La hasha! Walikaa wakapambanua kwa makini: fulani alisikia kwake kabla hajachanganyikiwa, basi hadithi yake tunaichukua. Fulani alisikia baadaye, basi tunaiwacha. Yaani elimu ya mzee ya miaka sitini haikufutwa kwa sababu ya maradhi ya miaka mitano. Mpaka vikatungwa vitabu maalumu. Sibt Ibn al-Ajami wa Halab, aliyefariki mwaka 841 Hijria (1438), alitunga kitabu cha kuwataja wapokezi waliosemwa kuwa walichanganyikiwa.

Katika watu hao yumo Jarir bin Hazim wa Basra, aliyefariki mwaka 170 Hijria (karibu 786). Hadithi zake zimo katika Bukhari na Muslim. Mwisho wa umri wake alichanganyikiwa. Imamu Abdurrahman bin Mahdi, mwanazuoni mkubwa wa zama zile, anaeleza kwamba Jarir alikuwa na watoto ambao nao walikuwa watu wa hadithi. Walipoihisi hali ile kwa baba yao, walimsitiri. Wakawazuia watu wasiingie kusikiliza hadithi kwake. Kwa hivyo hakuna mtu hata mmoja aliyesikia kitu kutoka kwake katika hali ya kuchanganyikiwa. Na imepokewa kuwa Abdulwahhab ath-Thaqafi wa Basra, aliyefariki mwaka 194 Hijria (810), jamaa zake walimfanyia vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, tia akilini. Basra wakati ule ilikuwa mji wa elimu. Watu wakisafiri miezi kuja kumsikiliza sheikh mmoja. Kuwa na baba kama Jarir nyumbani ni fahari, na mlango hauishi kubishwa. Watoto wale wangeweza kumwacha mzee akae barazani aseme asemayo, wageni waendelee kumiminika. Lakini walisimama mlangoni. Walimlinda baba yao asije akasema jambo ambalo, akili zake zingekuwa zake, angelionea haya. Na walilinda dini isiingie maneno yasiyo sawa. Matokeo yake nini? Leo, baada ya miaka zaidi ya 1,200, jina la Jarir bin Hazim lingali safi. Mmoja katika watoto hao, Wahb bin Jarir, naye akawa mpokezi mkubwa.

Sisi tulifanya kinyume. Mzee wetu alipochanganyikiwa tulimfungulia milango, tukamwekea simu mbele ya uso, na yale ambayo wana wa Jarir hawakuruhusu sikio moja liyasikie, sisi tukayatuma kwa watu mia.

Lakini tusielewe vibaya. Kumsitiri mzee si kumfungia. Kuna nyumba mzee anatiwa chumba cha nyuma, mlango unapigwa komeo, chakula kinasukumwa ndani, na wageni wakija wanaambiwa amelala. Huko si kusitiri, ni kumzika yu hai. Wana wa Jarir walizuia watu wasichukue kosa lake, na lililowasukuma ni heshima yake. Hebu jiulize nyumbani kwako: huu mlango unafungwa kwa ajili ya heshima ya mzee, au kwa ajili ya haya zenu nyinyi?

DOLA NA WAKFU

Wako wazee wasio na watoto wa kusimama mlangoni. Hao nao historia yetu haikuwasahau.

Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, anasimulia katika Kitabul Kharaj kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni. Alikuwa Myahudi. Umar alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamtuma kwa mtunza hazina amwangalie yeye na walio kama yeye. Aliona si haki kumtoza mtu kodi ujanani kisha kumtupa uzeeni. Na Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala Damascus kuanzia 705 hadi 715, anatajwa na wanahistoria kuwa alimwekea kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza.

Baadaye zikaja hospitali kubwa zilizoitwa bimaristani. Nuruddin Zengi alijenga yake Damascus mwaka 1154. Sultan Qalawun alijenga yake Cairo mwaka 1284, ikiendeshwa kwa mali ya wakfu, ikipokea tajiri na maskini, wanaume na wanawake, na walikuwamo pia wagonjwa wa akili. Huko Edirne, Uturuki, Sultan Bayezid wa Pili alikamilisha bimaristani yake mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi aliyeiona karne ya 17 aliandika namna wagonjwa wa akili walivyokuwa wakitulizwa kwa sauti za ala na za maji yanayotiririka. Jengo hilo bado lipo, sasa ni makumbusho ya tiba. Sisemi kwamba zilikuwa nyumba za wazee. Wazee wengi walitunzwa makwao na jamaa zao. Lakini zinatuonyesha kuwa aliyepotewa na akili alihesabiwa kuwa mgonjwa anayestahiki kitanda safi, chakula na utulivu.

Na matabibu walikuwa wameandika. Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, Tunisia, katika karne ya 10, alitunga risala juu ya usahaulifu na tiba yake, na kitabu kingine juu ya tiba ya wazee. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika Qanun yake ameweka sehemu nzima ya malezi ya wazee: mzee apewe chakula kidogo kidogo kwa nyakati mbalimbali badala ya kushindiliwa mara moja, asinyimwe usingizi, na asuguliwe mwili kwa kiasi, si kwa nguvu. Dawa zao nyingine zimepitwa na wakati. Lakini hayo matatu, nenda wodi yoyote leo, muuguzi atakwambia vivyo hivyo.

MPAKA KWA DAKTARI ALZHEIMER

Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, daktari mmoja aitwaye Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter. Alimuuliza jina lake, akajibu. Alimuuliza jina la mumewe, akataja lilelile lake. Alipoambiwa aandike jina, alianza kisha akasahau anachoandika. Alifariki mwaka 1906. Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona umesinyaa na umejaa uchafu usio wa kawaida, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo akaueleza mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Mwaka 1910 mkubwa wake, Emil Kraepelin, aliutia ugonjwa huo katika kitabu chake kwa jina la Alzheimer. Mpaka leo, katika kila watu 10 wenye dimenshia, sita au saba wana ugonjwa huo.

Ulaya ilijua ugonjwa, lakini kwa miaka mingi haikujua kumtunza mgonjwa. Wengi walitupwa katika majumba ya vichaa, wengine wakifungwa kwenye vitanda. Ndipo mwaka 1997 mtaalamu wa Uingereza, Tom Kitwood wa Bradford, akaandika kitabu kilichowatikisa watu. Alisema kinachomwangusha mzee si ubongo peke yake. Ni vile tunavyomfanya: kumdanganya, kumharakisha, kumsemesha kama mtoto mchanga, kuzungumza juu yake naye yupo hapo, kumcheka. Niliposoma nikasema, subhanallah, hii si "uff" tuliyokatazwa?

NYUMBANI KWETU KENYA

Tusijidanganye kwamba sisi tumesalimika. Katika kaunti ya Kilifi, jirani zetu hapa, wazee wameuawa miaka na miaka kwa kutuhumiwa uchawi. Mzee anatoka usiku haijui njia ya nyumbani, anazungumza peke yake, anamwona mwanawe kama mgeni. Watu wanasema mchawi huyo. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia wasichinjwe na jamaa zao wenyewe. Wallahi, ni nani ajuaye ni wangapi kati ya waliouawa walikuwa wagonjwa tu wa kusahau?

Na sheria ya nchi iko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali.

BABU NA KATA YA MAJI

Likizo ndefu ilipofika nilirudi nyumbani. Nilimwambia mamangu, kazi ya kumwogesha babu nitaifanya mimi. Mpaka wakati huo ilikuwa yake na shangazi, na babu alikuwa akipiga kelele kila siku, kwa sababu alikuwa akiwaonea haya. Mtu aliyesomesha watu mlango wa twahara miaka yote, leo avuliwe na mkazamwanawe! Alikuwa na haki ya kupiga kelele.

Siku ya kwanza nilishindwa. Nilimmwagia maji kichwani kwa ghafla, akanisukuma, kata ikaruka. Akaniambia: "Toka, mwizi we!" Nilitoka nikakaa ngazini nikalia.

Siku ya pili nilifanya tofauti. Nilimfunga kikoi toka kitovuni hadi chini ya magoti, kisikivue. Nikamkalisha kwenye kiti. Maji ya uvuguvugu. Nikaanza na miguu, polepole, nikimwambia kila ninachofanya: "Babu, sasa mguu wa kulia. Sasa wa kushoto." Ili kumtuliza nikaanza kusoma Suratul Fatiha. Nilipokosea makhraja ya herufi moja, yule mzee ambaye hakujua jina langu wala alipo aliinua kidole, akanirekebisha. Nikarudia. Akanirekebisha tena. Nikarudia mara ya tatu, akatikisa kichwa kuwa sasa sawa. Madaktari wanaeleza kwamba mambo mapya ndiyo yanayotoka mwanzo, na yale ya utotoni, aliyoyarudia maelfu ya mara, hubaki kwa muda mrefu. Kwa hiyo toka siku hiyo kuoga kukawa ndiyo madrasa yetu. Yeye ni mwalimu, mimi ni mwanafunzi, na kata ya maji ipo mkononi mwangu.

Si ati kila siku ilikuwa njema. Ziko siku alininyima hata mkono wake. Siku kama hizo nilijifunza kumwacha, nikarudi baada ya nusu saa.

NILIYOJIFUNZA, NAWE UYACHUKUE

1. Mpelekeni hospitali mapema. Si kila kusahau ni ugonjwa usiopona. Upungufu wa vitamini, maradhi ya tezi, huzuni kubwa, au dawa anazotumia huweza kumchanganya mzee, na haya hutibika. Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, msingoje, huenda ana maambukizi mwilini.

2. Usibishane naye. Akimuulizia bibi aliyefariki miaka 20 iliyopita, usimwambie "si alikufa!" Kwake yeye ni msiba mpya kila mara. Mwambie, "Nieleze habari za bibi," naye atakueleza, moyo utulie.

3. Sema jambo moja kwa wakati mmoja. "Babu, shika kanzu." Akiisha kuishika, "Babu, tia mkono." Mwite kwa cheo chake kile kile. Aliyekuwa mwalimu abaki mwalimu.

4. Linda uchi wake kama vile alivyoulinda mwenyewe alipokuwa mzima. Mwanamume aogeshwe na mwanamume na mwanamke na mwanamke inapowezekana. Hata nepi ikibadilishwa, mlango ufungwe na shuka iwepo.

5. Chakula kiwe laini na kidogo kidogo, naye amekaa wima. Usimharakishe.

6. Saumu. Mzee mwenye akili zake asiyeweza kufunga hutolewa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Anas bin Malik (R.A.) alipozeeka alikuwa akilisha maskini mkate na nyama. Ama aliyepotewa na akili kabisa, kalamu imeondolewa kwake, na wanazuoni wengi wamesema hana saumu wala fidia. Muulizeni sheikh wenu juu ya hali ya mzee wenu. Lakini akinywa maji mchana, msimpigie kelele. Sisi hatukufunga ili tumtishe mzee.

7. Gawaneni kazi. Isiwe ni mama peke yake au binti mmoja aliyekosa kuolewa. Kumbukeni waliosimama mlangoni kwa Jarir walikuwa watoto wake, si mmoja wao tu. Mtunzaji naye ni mtu, anahitaji kulala, kwenda tarawehe, na kuulizwa hali.

8. Simu ziwe mbali. Ukiona video ya mzee wa mtu amechanganyikiwa, ifute. Usiitume. Na mwambie aliyekutumia kwamba amekosa.

MWISHO

Yule kijana aliyemrekodi babu alikuja nyumbani mwezi wa Shaabani. Alikuwa ni mwanafunzi wa babu, kama sisi sote. Alitaka kuomba radhi. Nikamwambia aingie. Babu hakumkumbuka, wala hakulikumbuka lile tukio. Alimkaribisha vizuri, akamuuliza amesoma mpaka sura gani. Kijana akasoma kidogo, sauti ikamkatika. Na mimi nikamwambia kwamba nami nina la kuombea msamaha, maana niliiona video nikanyamaza. Tukakaa pale, sote wawili tunamdai radhi mtu ambaye hajui kwamba alikosewa. Hiyo ndiyo sababu ya kuwahi, ndugu msomaji. Mzee wako angali anakujua? Nenda leo kabla ya futari.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu utulivu na walio kitandani shifaa, awasamehe waliotangulia, awape subira wanaowaogesha na kuwalisha, na atustiri sisi siku tutakapohitaji mkono wa mtu mwingine kutuvalisha kanzu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.